Maskini Asiwe Tarishi wa Ofisi Zetu

Ukitaka kujua kama halmashauri yako inashirikiana kweli na wadau wake katika huduma za jamii, achana na taarifa ya robo mwaka. Kaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mtendaji wa kata, uangalie nani ameshika bahasha. Ukikuta ni bibi wa miaka sabini aliyekuja kwa bodaboda, na ndani ya bahasha mna barua inayotoka ofisi moja ya serikali kwenda ofisi nyingine ya serikali, ujue huo ushirikiano unaotajwa kwenye vikao haujamfikia.

Tuseme bibi huyo analea wajukuu watatu, mmoja ana ulemavu wa viungo. Ruzuku ya kaya ni TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania. Msamaha wa matibabu unaanzia kwa mtendaji na kuishia kwa afisa ustawi wa jamii hospitalini. Shule ya yule mwenye ulemavu ni idara ya elimu. Binti yake akitaka, na wenzake wa kikundi, mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia kumi ya mapato yake ya ndani, huko ni maendeleo ya jamii. Mjukuu akifanyiwa ukatili, ni dawati la jinsia na watoto, kituo cha polisi. Kila mlango una fomu yake na kila fomu inauliza yale yale: jina, kitongoji, watoto wangapi, unaishi kwa kutegemea nini. Sisemi kuna mtumishi anayemnyanyasa. Kila mmoja pale anatimiza wajibu wake, na wengine wanautimiza kwa moyo. Ila kazi ya kuziunganisha hizo ofisi tumemwachia yeye, mwenye nauli ndogo kuliko wote.

Chanzo ni jinsi tulivyojipanga. TASAF iko Ofisi ya Rais, upande wa utumishi na utawala bora. Halmashauri ziko TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sera ya ustawi wa jamii iko wizara ya maendeleo ya jamii, ile iliyotenganishwa na afya Januari 2022. Ukishuka hadi halmashauri, unakuta ustawi umekaa na afya na lishe, maendeleo ya jamii ina chumba chake, na mratibu wa TASAF ana chake. Mchana, wote hao wanakula kwa mama ntilie mmoja. Faili zao ndizo hazijawahi kukutana.

TASAF nitaisifia kidogo, maana watu wengi hudhani ina jeshi la waajiriwa vijijini. Haina. Mpango wa kunusuru kaya maskini, ulioanza 2012, unatembea kwa miguu ya halmashauri: wawezeshaji ni watumishi wa halmashauri, kaya hutambuliwa kwenye mkutano wa kijiji, kamati ya jamii husaidia siku ya malipo, mwalimu hujaza mahudhurio ya mtoto na muuguzi hujaza ya kliniki. Mtoto wa shule anatakiwa kufikisha asilimia 80 ya siku za masomo. Huo ni ushirikiano tosha. Lakini tazama taarifa ile inaelekea wapi. Mtoto asipofikisha mahudhurio, habari hupanda juu mpaka kwenye hesabu ya ruzuku. Ni mara chache sana kuiona ikishuka kwa afisa ustawi ili aende nyumbani kuuliza mtoto ana nini. Karatasi inayojua kwamba mtoto haonekani shule ipo, mtumishi ambaye kazi yake ni kumtafuta naye yupo, na bado hawakutanishwi.

Wanaosema haiwezekani, wautazame usajili wa watoto chini ya miaka mitano. Zamani mama aliondoka kituo cha afya na tangazo la kizazi, karatasi ya kuonyesha mtoto amezaliwa, akatakiwa kulifuatilia hadi ofisi ya wilaya, kwa afisa tawala, kisha alipie ndipo apate cheti. Wengi waliishia kulikunja lile tangazo na kulihifadhi kabatini. Mwaka 2013, kuanzia Mbeya, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ikabadili utaratibu pamoja na halmashauri, UNICEF, serikali ya Kanada na kampuni ya simu ya Tigo. Cheti kikaanza kutolewa pale pale kwenye kituo cha afya au ofisi ya mtendaji wa kata, bure, kimeandikwa kwa mkono, na taarifa zikatumwa makao makuu kwa simu. Baadaye mikoa mingine ikafuata.

Nimeufikiria sana mfano huu, na naona kila mdau alitoa alichonacho. RITA ilikubali kugawa madaraka yake ya usajili, jambo ambalo ofisi za serikali hulichukia kuliko kupunguziwa bajeti. Kampuni ya simu ilileta mtandao. Wafadhili walibeba gharama za kuanzia. Halmashauri ikatoa watu, wale wale wauguzi na watendaji ambao tayari inawalipa mshahara, kwa hiyo haikuajiriwa timu mpya ya mradi ya kuja kuvunjwa miaka mitatu mbele. Mama hakuongezewa safari yoyote. Alikuwa anakuja kliniki kwa chanjo hata hivyo.

Zanzibar nao wana lao. Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa kila mzee aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hakuna kupimwa umaskini, hakuna mabishano ya nani ana bati na nani ana makuti. Swali kubwa ni umri, na hapo sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa kule, na ofisi ya ustawi hawana sababu ya kurushiana mtu. Bara hatujafika huko na sitegemei tufike karibuni, lakini ni vizuri kukumbuka kwamba maswali tunayomuuliza maskini tumeyatunga wenyewe na tunaweza kuyapunguza.

Upande wa mashirika, nadhani tumejidanganya kwa muda mrefu. Halmashauri nyingi zikiulizwa kuhusu ushirikiano hutaja idadi ya mashirika yaliyosaini hati ya makubaliano. Kuna semina, kuna fulana, kuna posho, kuna picha ya pamoja na mheshimiwa mkuu wa wilaya katikati. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi iliyokuwa ikihudumia yatima na kaya zinazoishi na VVU ikasimama au kupunguzwa, na wahudumu wa jamii waliokuwa wakilipwa posho na mradi wakabaki na daftari zao tu. Ndipo swali la nani mwenye mtoto yule likaonekana. Kisheria halina utata: Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Shirika ni mgeni anayesaidia.

Wajibu usio na fedha lakini hausogei. Linganisha na mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tangu 2018 sheria inasema wazi kwamba asilimia kumi ya mapato ya ndani iende huko, nne, nne na mbili. Kwa hiyo kila baraza la madiwani linaijadili, mkaguzi anaihoji, serikali ikaisimamisha 2023 kwa sababu ya marejesho mabovu na vikundi hewa, ikairudisha 2024 kwa utaratibu mpya. Ina kelele nyingi kwa sababu ina tarakimu. Ustawi wa jamii hauna tarakimu yake, ndiyo maana kata nyingi hazina afisa ustawi hata mmoja, na aliyepo makao makuu ya wilaya anasubiri gari la idara nyingine liwe linaelekea huko ili adandie.

Kuna watakaosema kuunganisha faili kutamweka mtu uchi mbele ya kijiji: nani ana VVU, mtoto wa nani alibakwa. Hofu hiyo ni ya haki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, mtendaji wa kijiji hana haja ya kujua ugonjwa wa mtu ili amsaidie. Rejista moja ya kata inaweza kubeba jina la kaya, huduma inazopata na jina la mtumishi anayeifuatilia, basi. Mengine yabaki kwa mtaalamu. Na kwa kweli huyu bibi anayesimulia habari za mjukuu wake kwenye madirisha matano, mbele ya foleni, siri yake tumeilinda wapi?

Bajeti za halmashauri huanza kupikwa mapema mwaka. Mheshimiwa diwani wako akipita mtaani, muulize mambo mawili. Kwanza, mwaka huu kata yetu ina nani wa ustawi wa jamii, na je, mafuta na vocha yake ya simu vinatoka kwenye mapato ya ndani au kwenye mradi wa mtu? Pili, fomu ya TASAF ikionyesha mtoto amekosa shule, inamfikia nani, ndani ya siku ngapi? Akijibu kwa kutaja majina ya mashirika, mrudishe kwenye swali.