Chubwi za Mtera: kwenye tanuri la umeme, nunua kidhibiti joto kwanza

Risasi ninayoizungumzia ni metali ya kutengenezea chubwi, vile vizito vya kuzamisha nyavu na mishipi kwenye mabwawa ya Mtera na Hombolo. Matanuri madogo ya umeme yanayouzwa mtandaoni mengi yalibuniwa kwa Wamarekani wanaosubu, yaani kuyeyusha na kumimina kwenye umbo (kalibu), risasi za bunduki nyumbani. Kwetu kutengeneza risasi za bunduki bila kibali ni kosa, na kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini chombo chenyewe kinamfaa sana msubu chubwi, na naona ni wakati jiko la mkaa liachwe.

Sababu yangu ni joto. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za sentigredi, na kusubu vizuri kunataka 370 hadi 400. Mkaa ukipigwa na upepo wa Dodoma wa Julai hupita hapo bila dalili yoyote ya kukushtua. Kadiri joto linavyopanda, uso wa risasi hugeuka unga wa kijivu upesi zaidi, na ukipita 500 mvuke wenye sumu nao unazidi. Kwa hiyo tanuri lisilo na kidhibiti joto kinachosoma nyuzi halina maana kwangu, hata likibeba kilo 20.

Kidhibiti hicho ndicho kinachokuokoa na zinki. Risasi za balansi, vile vizito vya kusawazisha magurudumu, kutoka gereji za matairi siku hizi zimechanganyika na vipande vya zinki na vya chuma. Zinki huyeyuka kwenye 419. Ukishikilia 360 wakati wa kuyeyusha vyakavu, vipande hivyo vinaelea vikiwa vizima, unaviopoa kwa kijiko cha chuma. Ukiacha joto lifike 430, zinki inaingia ndani, na mchanganyiko unakuwa mzito kama uji na kugoma kujaza kalibu. Kuitoa tena nyumbani ni kazi bure.

Angalia volti kabla ya kulipa. Tanuri la volti 120 likichomekwa kwenye 230 zetu linavuta nguvu karibu mara 3.7 ya iliyokusudiwa, na waya wake unakatika. La wati 800 la volti 230 linatumia ampea 3.5 tu. Kuyeyusha kilo 9 huchukua takribani nusu saa, yaani chini ya nusu uniti ya LUKU. Ila mwili wake ni chuma, kwa hiyo lazima waya wa ardhi, ule wa kijani na njano, uwe umefungwa kweli. Ekstensheni ya pini mbili haifai. Umeme ukikatika, zima swichi ukutani, usije ukarudi usiku ukawasha tanuri watu wamelala.

Usitupie vyakavu moja kwa moja kwenye tanuri lenye bomba la chini. Mchanga na kutu hukaa kati ya tundu la bomba na fimbo inayoliziba, kisha bomba linadondosha bila kukoma. Viyeyushe kwanza nje kwenye tanuri lenye kidhibiti na chungu cha chuma kisicho na bomba (sufuria ya alumini hapana!), tia nta ya nyuki ukubwa wa punje ya mahindi, koroga, ondoa taka za juu, mimina vipande vya kilo moja moja. Nta itatoa moshi na pengine kuwaka, basi uso uwe mbali. Bomba likishaanza kudondosha, zungusha fimbo kwa bisibisi mara mbili tatu. Mara nyingi uchafu unaachia.

Hatari ya papo hapo ni maji. Tone likizama chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke ghafla na kuirusha yote usoni. Kwa hiyo kipande kipya kipashwe joto ukingoni mwa tanuri kabla ya kuzamishwa, hasa masika kikiwa kimelala nje. Wanaosubu kwenye mchanga uliolowa maji waache kabisa. Vaa viatu vya ngozi, suruali ikivifunika juu, miwani na glavu za ngozi.

Kalibu ya alumini nayo ipashwe moto. Chubwi ikitoka na makunyanzi, kalibu ni baridi. Ikitoka na ukungu mweupe, imezidi moto. Kwa chubwi za gramu 30, kilo 8 zitakupa kama 260, ukiacha kidogo chini ya tanuri.

Betri chakavu usiziguse. Zina asidi na unga wa risasi, na zile zisizoongezwa maji zina kalisiamu. Taka zinazobaki ukiziyeyusha zikilowa zinaweza kutoa gesi yenye aseniki. Tena hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na huumiza ubongo wake kwanza. Fanyia kazi nje, upepo ukitoka ubavuni, mbali na jikoni na uani wanapocheza. Usile wala kuvuta sigara hapo, nawa kwa sabuni, nguo zifuliwe peke yake. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi tanuri likishapoa, isifagiliwe. Taka za kijivu ziwe kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, pakavu, zisimwagwe kwenye mchicha wala banda la kuku.