Tishu, Mashine au Taulo la Mlangoni?

Kwa mama lishe mmoja Kariakoo, juu ya ndoo ya kunawia, linaning'inia taulo dogo la bluu. Ikifika saa saba mchana limelowa chepechepe. Kila aliyemaliza ugali ameacha chake pale: mafuta ya samaki, pilipili, na visivyoonekana kwa macho. Unasugua mikono kwa sabuni, halafu unaipaka upya uchafu wa wenzako.

Huko Ulaya mabishano ni mengine, karatasi za tishu dhidi ya mashine ya upepo ya kukaushia mikono. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walikuta bakteria hewani karibu na mashine za upepo mkali wakiwa mara 27 ya waliokuwa karibu na karatasi. Inatisha, mpaka usikie kwamba fedha zilitoka kwa umoja wa watengenezaji wa tishu, na kwamba mikono ilipakwa bakteria makusudi kabla ya kukaushwa. Hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani nayo, mwaka 2000, ilipima watu 100 na haikuona tofauti ya maana kati ya karatasi, hewa ya moto, kitambaa cha kuzungusha na kuiacha mikono ikauke yenyewe. Kitambaa hicho, lakini, kila mtu huvuta kipande kisafi. Si taulo letu.

Mimi naegemea tishu, kwa sababu nyepesi zaidi: mkono uliolowa huambukiza kuliko mkavu, na tishu hukausha upesi. Mashine inataka subira. Wengi tunapunga mikono mara mbili, tunamalizia kwenye suruali. Umeme ukikatika, ndiyo basi.

Ila tishu gani? Zile laini za bei ya chini huachia vipande vidoleni. Roli likiwekwa mezani, kila mkono uliolowa unalishika, na tumerudi kulekule kwenye taulo. Na bila pipa zinaishia mtaroni, zikingoja masika.

Kwa mwenye faida ndogo kama yule mama, ningesema aliondoe tu taulo, watu wakung'ute mikono. Nilimwambia. Akacheka.

"Wateja watasema nina dharau, kaka. Na tishu nikiweka wanaondoka nazo. Taulo nani aibe?"