Mama Mkwe na Mgonjwa wa Paris

Mama mkwe wangu ni muuguzi mstaafu kutoka Tanga, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilipita katika kliniki ya kifua kikuu. Ndiyo maana mtu yeyote akikohoa mbele yake, awe mgeni, fundi bomba au mjukuu aliyepaliwa na uji, huulizwa swali moja tu: "Kikohozi hicho kina wiki ngapi?" Anapokuja kututembelea Dar es Salaam, sisi wenyeji huenda kukohoa uani.

Mimi nami nina maradhi yangu, nayo ni opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa badala ya kusemwa. Sijawahi kukanyaga jumba la opera hata moja, lakini nina runinga, spika mbili na diski kadhaa alizoniletea rafiki anayesafiri, na kila Jumamosi usiku, watu wakishalala, sebule yangu huwa ukumbi ambao kiti cha mbele ni changu bila kukata tiketi. Jumamosi ninayoisimulia mama mkwe hakulala. Alitoka chumbani akiwa amejitanda khanga, akasema usingizi umekataa, akakaa kwenye kochi na kuuliza tunatazama nini.

Tulikuwa tunatazama La Traviata ya Giuseppe Verdi, katika onesho lililorekodiwa Salzburg, Austria, mwaka 2005, Anna Netrebko akiwa Violetta, mgonjwa wa kifua kikuu. Jukwaa lake ni jeupe, tupu, lenye saa kubwa ya ukutani inayohesabu siku za mgonjwa. Maandishi ya tafsiri yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo kazi ya ukalimani ikaniangukia mimi, na hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia, kwa sababu Violetta ni mwanamke wa Paris anayeishi kwa kugharimiwa na mabwana matajiri, na sijui mkwe gani wa kiume mwenye ujasiri wa kumweleza mama mkwe wake jambo hilo saa nne za usiku.

"Huyu dada anafanya kazi gani?" akauliza.

"Anaandaa sherehe, mama."

"Basi ana mtaji."

Nikaitikia. Uongo wa kwanza ulikuwa mwepesi kiasi kwamba sikuona unavyowazaa wengine. Alipokuja mzee Germont kumsihi Violetta amwache kijana wake Alfredo, kwa kuwa uhusiano huo ungevunja posa ya binti yake, mama mkwe alitaka kujua kuandaa sherehe kuna aibu gani hata posa ivunjike. Nikasema kwamba Wafaransa wa zamani hawakupenda kelele. Alifikiri kidogo, akaona kwamba mzee ana hoja, ila amekuja mikono mitupu na anazungumza mno. Katika hilo la pili sikuweza kumpinga, maana mazungumzo yale huendelea kwa karibu dakika ishirini.

Kisha likaja tukio ambalo kwangu ndilo chungu kuliko yote. Alfredo, akidhani amesalitiwa, anamrushia Violetta fedha alizoshinda kwenye kamari mbele ya kadamnasi, ili aonekane amemlipa na hawadaiani, na wageni wote wanaghadhibika kwa fedheha hiyo. Mimi machozi yalikuwa yananilenga. Mama mkwe, ambaye ujana wake wote hakukosa taarabu, alipiga kigelegele. "Katunzwa!" akasema. "Sasa mbona anazimia? Nyingi mno?"

Hata hivyo, kilichomsumbua zaidi kilikuwa tiba. Mwongozaji wa onesho lile, Willy Decker, amemfanya daktari Grenvil kuwa kama mauti yenyewe: mzee aliyevaa koti, anayesimama pembeni tangu mwanzo akimtazama mgonjwa bila kusema neno. Ni ubunifu ninaoupenda sana, lakini mbele ya muuguzi wa miaka zaidi ya thelathini haukuwa na utetezi wowote.

"Daktari yupo hapo tangu saa nne," alisema, "hajampima hata joto!"

Nilimweleza kwamba opera hii ni ya mwaka 1853, miaka 29 kabla ya Robert Koch kutangaza kwamba amekigundua kimelea cha kifua kikuu, na kwamba dawa ya kwanza ya kukiua, streptomaisini, ilipatikana 1943, kwa hiyo hata daktari angefanyaje. Akakubali kwa shingo upande, kisha akauliza jingine: mapafu yanayotoa sauti kama ile yana ugonjwa wapi? Swali hilo ni la kale. Usiku opera hii ilipooneshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa La Fenice, Venice, watazamaji waliangua kicheko, kwa sababu mwimbaji, Fanny Salvini-Donatelli, alikuwa amenawiri vya kutosha, na hakuna aliyeamini kwamba maradhi yamemkausha. Mama mkwe angekuwapo, kicheko kingeanzia kwake.

Lakini mwisho ulipokaribia alinyamaza. Alfredo amerudi, baba yake ameomba radhi, na Violetta, aliyekuwa hajiwezi, anasimama ghafla. Nikatafsiri kwa sauti inayotetemeka: "Maumivu yamekoma... nguvu ngeni zinanijia... ninarudi kuwa hai! Ah, furaha!"

Giza.

Luku ilikuwa imelia tangu magharibi, nami badala ya kununua umeme nilikuwa nimeongeza sauti ya spika. Kwa wasioijua opera hii, Violetta huanguka na kufa papo hapo baada ya neno hilo. Nguvu zile ni za kuagia tu. Mama mkwe hakuliona anguko. Nilimsikia gizani akishusha pumzi: "Alhamdulillahi, kapona! Tena bila dozi!" Nikafungua kinywa kumweleza ukweli, mke wangu, ambaye sikujua ameamka lini, akanifinya mkono hadi nikakifunga.

Jumatatu mama mkwe alirudi Tanga, na habari za binti wa Paris zikafika kabla hajafungua mkoba. Baada ya miezi miwili alikuja tena, safari hii na mdogo wake, na kashata za nazi, na ombi kwamba mama mdogo naye amwone mgonjwa aliyepona. Ningeweza kukiri. Badala yake nilimweka mwanangu wa miaka tisa ukumbini, chini ya swichi kuu, nikamwagiza akisikia nimekohoa azime mara moja. Nilijua kikohozi hicho kitanigharimu mahojiano ya kitabibu, lakini niliona hiyo ni bei nafuu kuliko kumwua Violetta mbele ya mashahidi wawili.

Opera ikaanza. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mkalimani sasa: "Huyu anaandaa sherehe, ana mtaji." Wageni wa Violetta wakainua glasi, Alfredo akaanza wimbo wa kunywea, na mama mdogo, aliyenogewa, akaitikia kwa kutikisa kichwa akiwa na kashata mdomoni. Ikampalia. Akakohoa.

Nyumba nzima ikawa giza.

"Tayari, baba!" ikasikika sauti ya fahari kutoka ukumbini. "Umesema ukikohoa tu nizime, nimezima!"

Hakuna aliyesema neno kwa muda ambao ule mshale wa saa ya Salzburg ungeweza kuzunguka mara mbili. Nilikuwa natafuta uongo wa kunifaa, na kwa mara ya kwanza sikuupata. Kisha kochi likalia, na nikatambua kwamba mama mkwe hakugeukia upande wangu.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "kikohozi hicho kina wiki ngapi?"