Nyongo inapotoka kwa kikohozi: stenti kwanza au kisu?

Makohozi ya manjano au ya kijani huhesabiwa haraka kuwa nimonia au kifua kikuu. Lakini yakiwa mepesi, machungu kama shubiri, na yakizidi mgonjwa anapolala, shuku nyongo. Chovya ndani yake kijiti cha kupimia mkojo. Kikionyesha bilirubini, tafuta fistula, yaani tundu lisilo la kawaida, kati ya mirija ya nyongo na njia za hewa.

Daktari Peacock alieleza ugonjwa huu mwaka 1850 kwa mgonjwa mwenye uvimbe wa hidatidi kwenye ini, maradhi ya tegu wa mbwa ambayo Turkana inayajua hadi leo. Siku hizi hutokea pia baada ya upasuaji wa ini au kuunguza saratani ya ini kwa joto. Mrija ukizibwa na jiwe, kovu au vipande vya utando wa hidatidi, nyongo hukosa pa kwenda. Hujikusanya chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, hugeuka usaha, hutoboa kiwambo na kuingia sehemu ya chini ya pafu la kulia. Kila pumzi inayovutwa huivuta juu zaidi.

Ndiyo maana wengi huanza na endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni: mlango wa mrija wa nyongo hupasuliwa kidogo, jiwe hutolewa, na stenti, kijibomba cha kuuweka wazi, huwekwa. Shinikizo likishuka, nyongo hufuata njia yake ya utumbo na tundu hupata nafasi ya kufunga. Jipu lililo chini ya kiwambo lazima nalo linyonywe. Kovu likiwa juu sana ndani ya ini, endoskopi huenda isifike. Hapo mpira wa kutolea nyongo hupitishwa kwa sindano kupitia ngozi.

Wanaotetea kisu wana hoja nzito. Stenti haiondoi uvimbe wa hidatidi wala pafu lililokwisha kuoza, na wapo wanaoendelea kukohoa nyongo ingawa imeshafunguliwa njia. Hapo daktari hukata fistula, huziba kiwambo, na kuweka kipande cha msuli wa mbavu au mafuta ya tumbo katikati ili mishono miwili isigusane. Ila mrija ukiachwa umeziba kwa chini, nyongo itatoboa upya. Kwangu hilo ndilo linaloamua: shusha shinikizo kwanza, hata kwa mgonjwa ambaye upasuaji hauepukiki.

Hatari kubwa kwenye meza ya upasuaji ni wakati wa dawa ya usingizi. Bila mpira wa hewa wenye njia mbili unaotenganisha mapafu, nyongo humwagikia pafu lisilo na ugonjwa na kuliunguza. Kabla ya hapo, pima kuganda kwa damu: nyongo isipofika utumboni, vitamini K hainyonywi vizuri, basi itolewe kwa sindano. Akisubiri rufaa, mgonjwa aanzishiwe antibiotiki, ainuliwe kichwa, alalie ubavu wa kulia.