Chaki ya bure, chapa ya bei ya gari: tununue kazi za Keith Haring?

Kaka mmoja niliyesoma naye sekondari, ambaye sasa anaishi Hamburg, alinitumia picha mwezi uliopita. Karatasi ya sentimita 30 kwa 38, vijitu visivyo na sura vinacheza, mistari minene myeusi, nyekundu na njano zinazowaka. Pembeni kuna sahihi ya penseli, mwaka 88 na namba ya toleo, moja kati ya 200. Ni chapa, yaani picha iliyochapishwa kwa idadi maalumu ya nakala, ya mchoraji Keith Haring, na muuzaji anataka bei ya gari. "Ninunue?" aliniuliza.

Swali lake ni halali. Ana akiba yake na anaipenda kazi. Lakini kununua Haring si sawa na kununua mchoraji yeyote wa New York, kwa sababu mtu huyu alianza kwa kugawa bure.

Alizaliwa Pennsylvania mwaka 1958, akahamia New York mwaka 1978. Kuanzia 1980 hadi 1985 alishuka kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi na kipande cha chaki nyeupe. Tangazo likiisha muda, fremu yake ilifunikwa kwa karatasi nyeusi ikisubiri tangazo jipya. Haring alizichora karatasi hizo haraka haraka, abiria wakimtazama, kabla polisi hawajatokea: mtoto anayetoa miale, mbwa anayebweka, watu wanaocheza. Kesho yake tangazo jipya lingeweza kubandikwa juu. Jina lilipokua, watu wakaanza kuzibandua karatasi zile na kwenda kuziuza, na hilo likachangia kumfanya aache.

Novemba 2024, michoro 31 ya aina hiyo iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa jumla ya zaidi ya dola milioni 9.

Hapo ndipo mimi na wakusanyaji wengi tunapoachana. Wao husema, na hoja yao ina uzito, kwamba bila hao waliobandua, tusingekuwa na karatasi hizo leo. Chaki inafutika kwa kiganja. Kila karatasi iliyobaki stesheni ilimezwa na gundi ya tangazo lililofuata, kwa hiyo aliyeiba ndiye aliyehifadhi. Siwezi kulikana hilo, na nikiziona picha zake nashukuru kwamba zipo. Lakini kitu kilichochorwa ili mfagizi, mwanafunzi na mhasibu wakione wakisubiri treni moja, kikiishia ukutani kwa mtu mmoja, kimepoteza sehemu ya kazi yake. Karatasi ipo, wasafiri wale hawapo. Mahali pake ni jumba la makumbusho, tena lenye kiingilio ambacho mtu wa kawaida anakimudu.

Kisa cha Grace House ni kigumu zaidi, na nimekifikiria mara nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Haring alichora vijitu 13 kwenye kuta za ngazi za kituo cha vijana cha Kanisa Katoliki mjini New York. Vijana walipanda na kushuka pembeni ya picha hizo kwa miaka. Baadaye parokia ikahitaji fedha, kuta zikakatwa vipande, na mwaka 2019 kampuni ya mnada ya Bonhams ikauza mchoro mzima kwa dola milioni 3.86. Unailaumu parokia? Jengo ni lao, na mzigo wa kuliendesha ni wao. Mimi siilaumu, ila naumia. Picha iliyochorwa mahususi kwa ngazi hizo haina ngazi tena.

Chapa, kama ile ya Hamburg, zina habari nyingine. Aprili 1986 Haring alifungua duka lake, Pop Shop, Mtaa wa Lafayette, akiuza fulana, beji na mabango. Wahakiki walimshambulia kwamba amegeuka mfanyabiashara. Yeye alitaka yule aliyezoea kumwona stesheni aweze kuondoka na kitu mkononi, na duka liliendelea hadi 2005, miaka 15 baada ya kifo chake. Lakini tusimfanye mtakatifu wa vya bure tu. Yeye mwenyewe alitoa pia chapa za skrini, yaani zinazochapwa kwa kupitisha wino kwenye wavu wa kitambaa, zenye jina hilohilo la Pop Shop, akaweka kikomo cha nakala 200, akazitia sahihi moja moja. Upinzani wake dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini ulifuata njia zote mbili: katikati ya miaka ya 1980 alichapisha mabango yapatayo 20,000 ya Free South Africa kwa ajili ya kugawa, na yapo pia matoleo madogo yenye namba na sahihi kwa wakusanyaji. Alijua soko ni nini, na aliliingia kwa mguu wake. Kwa hiyo anayenunua chapa hizo hamsaliti. Ananunua kitu kilichotengenezwa kiuzwe.

Hoja moja ya wauzaji naikataa kabisa: kwamba ukinunua unaendeleza mambo aliyoyapigania. Haring alifariki Februari 1990 kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI, akiwa na miaka 31, na mwaka mmoja kabla alikuwa ameanzisha wakfu unaosaidia mashirika ya watoto na ya mapambano dhidi ya UKIMWI. Chapa ikiuzwa mnadani leo, kwa kawaida fedha humwendea muuzaji na dalali. Fulana yenye leseni ya wakfu huo, hata ya bei ndogo, inachangia mfuko wake kuliko chapa ya maelfu ya dola inayobadilisha mikono. Mnada wa 2020 wa vitu vyake binafsi, uliochangia kituo cha jamii ya mashoga na wasagaji cha New York, ulikuwa wa pekee, na ulitangazwa hivyo tangu mwanzo.

Kuna pia hatari ya feki. Mstari wa Haring unaonekana rahisi, kwa hiyo wengi wameujaribu. Wakfu ulivunja kamati yake ya kuthibitisha kazi mwaka 2012, na tangu hapo hakuna ofisi unayoweza kuipelekea mchoro wakakupa cheti. Kwa mchoro wa mkono hilo linatisha. Kwa chapa kuna ahueni, maana matoleo yake yameorodheshwa kitabuni: ukubwa, mwaka, idadi ya nakala. Hata zile zilizotoka baada ya kifo chake zinajulikana. Baadhi hazina sahihi yake, zina mhuri wa mirathi na sahihi ya msimamizi wake, na muuzaji anayekuonyesha penseli ya "Haring" juu ya toleo la namna hiyo anakudanganya.

Niliwahi kushika moja halisi, kwa glavu, kwenye maonyesho ya kabla ya mnada. Chini ya kioo cha kukuzia, wino mwekundu ulikuwa umetanda mzito kama rangi ya ukutani, bila tundu, na ukingo wa mstari mweusi umeukalia mwekundu kwa unene kidogo sana, kiasi cha kuonekana ukiinamisha karatasi kwenye taa. Nakala ya bango la kawaida, chini ya kioo hichohicho, inavunjika kuwa vidoto vidogo vya rangi kama gazeti. Yeyote aliyewahi kuchapisha fulana kwa skrini ataiona tofauti hiyo papo hapo.

Kwa hiyo nilimjibu kaka yangu: nunua kama utaitundika sebuleni watoto waione, na usinunue ukitegemea kuiuza ghali baada ya miaka mitano, maana bei za sanaa hupanda na kushuka na ada za mnada hula sehemu nzuri. Kwanza dai karatasi zote: risiti ya kwanza, majina ya waliopita nayo, na picha ya nyuma ya chapa, si ya mbele tu. Kioo cha kukuzia alinunua siku hiyohiyo. Picha ya nyuma ameiomba mara mbili, na hadi naandika haya muuzaji bado hajaituma.