Mtoto apimwe kwa mstari wake mwenyewe

Kila mama aliyewahi kupanga foleni kliniki anaujua ule mstari kwenye kadi. Mtoto ananing'inizwa kwenye mzani, analia, nesi anaweka nukta na kuiunganisha na ya mwezi uliopita. Mstari ukipanda, unarudi nyumbani moyo mweupe. Ukilala, unaulizwa mtoto anakula nini. Kadi hiyo imenijia akilini tangu niliposoma jinsi dawa ya projeria, ugonjwa adimu unaomzeesha mtoto kabla ya wakati, ilivyojaribiwa huko Marekani.

Projeria humpata takriban mtoto mmoja kati ya milioni 4 wanaozaliwa. Anazaliwa kama wenzake, lakini ndani ya miaka miwili ukuaji unadumaa, nywele zinanyonyoka, ngozi inakaza. Akili yake ni timamu kabisa. Anasoma, anacheza, anaelewa kinachomsubiri. Mishipa yake ya damu inakakamaa kama ya mzee, na asipopata dawa kwa kawaida moyo humwangusha akiwa na miaka 14 hivi. Chanzo kiligunduliwa mwaka 2003: herufi moja tu iliyokosewa kwenye jeni ya LMNA, na mwili unatengeneza protini mbovu inayong'ang'ania ukuta wa kiini cha seli.

Miaka minne tu baadaye, mwaka 2007, watoto 28 kutoka nchi 16 walianza kumeza lonafarnib, dawa iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya saratani. Kila miezi minne walisafiri hadi Boston kupimwa. Wengine waliharisha, wengine walitapika. Hakuna hata mmoja aliyepewa kidonge kitupu, kile kisicho na dawa ambacho watafiti huwapa baadhi ya wagonjwa ili kulinganisha.

Najua hoja ya watafiti: bila kundi la kidonge kitupu, utajuaje kama ni dawa iliyofanya kazi? Kwa dawa ya malaria, nakubaliana nao bila kusita. Lakini wagonjwa wa projeria wanaojulikana duniani kote hawajazi hata shule moja ya msingi. Kumwambia mzazi mwanawe mwenye miaka minane ameze unga usio na kitu kwa miaka miwili, wakati amebakiwa na sita hivi, mimi siwezi kuuita uangalifu wa kisayansi. Ni kumnyang'anya muda asio nao.

Walichofanya ni kumlinganisha kila mtoto na yeye mwenyewe. Watoto hawa huongezeka uzito polepole mno, chini ya nusu kilo kwa mwaka, karibu kwa mwendo uleule, na uzito wao ulikuwa umeandikwa kabla ya dawa kuanza. Mstari ulikuwepo tayari. Kati ya 25 waliomaliza, 9 waliongeza kasi ya uzito kwa asilimia 50 au zaidi, na mishipa ya baadhi yao ililegea. Haikuwa miujiza. Sam Berns, ambaye wazazi wake walianzisha taasisi ya utafiti wa ugonjwa huu mwaka 1999, aliimeza dawa hiyo na bado alifariki Januari 2014 akiwa na miaka 17. Lakini mwaka 2018 takwimu zilipotoka, kati ya watoto 27 waliotumia dawa alikuwa amefariki mmoja. Kati ya 27 wa kulinganishwa nao ambao hawakuitumia, 9. Novemba 2020 dawa ikaidhinishwa Marekani.

Kinachoniuma ni huku kwetu. Binti wa jirani yangu ana ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kuupa jina. Historia yake yote imo kwenye madaftari ya dukani, moja lililowa mvua, jingine lilipotea hospitalini, na kila daktari mpya anauliza upya, "Alianza lini?" Siku dawa ya kujaribu ikija, mtoto huyu atalinganishwa na nini?

Mama yake sasa amenunua mzani. Kila Jumapili kabla ya chai anampandisha, kisha anaandika tarehe na kilo kwa kalamu ya wino kwenye daftari gumu analolifungia kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa.