Ukitaka kuijua sinema ya Brazil, anza na Elizabeth Teixeira

Machi 2025 filamu ya Walter Salles, Ainda Estou Aqui, iliipa Brazil Oscar yake ya kwanza ya filamu bora ya kimataifa, na tangu hapo watu wanaulizana waanzie wapi kuijua sinema ya nchi hiyo. Wengi hutaja filamu ya Cidade de Deus. Mimi nasema anza na Cabra Marcado para Morrer ya mwongozaji Eduardo Coutinho, ambayo Elizabeth Teixeira ndiye moyo wake. Kwangu mimi, Brazil haijatoa filamu kubwa kuliko hiyo.

João Pedro Teixeira alikuwa kiongozi wa wakulima huko Sapé, jimbo la Paraíba. Mwaka 1962 akapigwa risasi na kuuawa. Coutinho akaamua kuyafanya maisha yake kuwa filamu hii, ikiigizwa na wakulima wenyewe, na mjane wake, Elizabeth, akaigiza nafasi yake mwenyewe. Kazi ilianza mwaka 1964 huko Galileia, Pernambuco. Haikufika hata nusu, jeshi likapindua serikali. Askari walivamia, wakabeba vifaa, wakakamata watu. Kilichosalimika zaidi ni mikanda iliyokuwa imeshatumwa maabara, Rio de Janeiro.

Ndio wakati wa Cinema Novo, wimbi la vijana waliotaka sinema ya Brazil ionyeshe umaskini wa nchi yao. Mwongozaji Nelson Pereira dos Santos alishatoa filamu ya Vidas Secas, jua la nyika kame likiunguza skrini nzima, na Glauber Rocha, kijana wa Bahia mwenye miaka 25, alikuwa anautikisa ulimwengu wa filamu. Nawaheshimu sana. Ila katika kazi zao nyingi maskini anasemewa na msomi wa mjini. Coutinho alirudi kumsikiliza.

Alirudi mwaka 1981, baada ya sheria ya 1979 iliyowasamehe wapinzani wa utawala wa kijeshi. Usiku mmoja alifunga projekta pale Galileia, wanakijiji wakajiona walivyokuwa ujanani, wakawa wanatajana majina. Ukiziangalia nyuso zao utaelewa kwa nini nimeng'ang'ania filamu hii.

Elizabeth alikuwa mafichoni São Rafael, Rio Grande do Norte, akijiita Marta. Alikuwa na watoto 11, na karibu wote walikuwa wametawanyika, wengine hajawaona kwa miaka mingi. Siku ya kwanza mbele ya kamera anaongea kwa tahadhari, anamshukuru hadi rais wa utawala wa kijeshi kwa msamaha ule. Mwanawe mkubwa yuko pembeni, anaingilia. Kadiri siku zinavyopita Elizabeth anafunguka. Watengenezaji filamu wameshapanda gari waondoke, yeye bado amesimama kwenye dirisha la gari anasema: mapambano hayajaisha, njaa ipo, mishahara ni ya shida. Hakuna mwandishi wa filamu angeweza kumtungia maneno yale. Filamu ikakamilika mwaka 1984, miaka 20 tangu ianze.

Ainda Estou Aqui nayo ni habari ya mjane, Eunice Paiva, ambaye mumewe alichukuliwa na utawala ule ule mwaka 1971. Nilipoitazama nililia. Lakini Eunice alikuwa na nyumba karibu na ufukwe wa Rio, na baadaye mwanawe, ambaye ni mwandishi, akamwandikia kitabu. Elizabeth hakuwa na mtu wa kumwandikia. Kama Coutinho asingemtafuta, angebaki Marta. Zitazameni zote mbili, na ya Coutinho iwe ya kwanza.